Askofu Steere na Hadithi ya Mwalimu Goso: Kusoma Kunakoanzia Masikioni

Walimu-wanafunzi waendao kufanya mazoezi ya kufundisha katika bonde la Kilombero hurudi chuoni na lalamiko moja kila mwaka. Watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili, wasema, huimba silabi vizuri sana, lakini hawasomi. Sisi wakufunzi tumelishuhudia jambo hilo wenyewe. Katika shule moja iliyo mbali kidogo na mji wa Ifakara tulimkuta mtoto akisoma ukurasa mzima kwa sauti ya kupendeza, pasipo kukwama hata mara moja. Tulipomkaribia tuliona kidole chake kiko mstari wa pili ilhali mdomo umekwisha kufika mstari wa tano. Ukurasa ule alikuwa ameukariri kutoka kwa wenzake. Tulipomwomba atueleze habari aliyoisoma alinyamaza akatutazama kwa mshangao, kana kwamba hakupata kuambiwa kuwa ndani ya kitabu mna habari.

Kwa ajili ya mtoto yule tumeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye Kiswahili kinachoandikwa ubaoni huko Ifakara kimepitia mikononi mwake. Mtu huyo ni Edward Steere, Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja. Wengi wetu humjua kwa jina tu, kama mtungaji wa kitabu cha sarufi. Wachache humfikiria kama mwalimu wa watoto wasiojua kusoma.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na akakubaliwa kuwa wakili. Kazi ile haikumshika. Mwaka 1856 aliwekwa kuwa shemasi katika Kanisa la Kiingereza, kisha akawa padre wa kijijini huko Lincolnshire, miongoni mwa wakulima na wavuvi. Huenda angeishia huko lau rafiki yake, William Tozer, asingeteuliwa kuwa askofu wa misheni iliyokuwa imeanzishwa kwa mwito wa David Livingstone. Steere alifuatana naye mwaka 1863 hadi nchi ya mto Zambezi. Mahali pale palikuwa pamekwisha kuwaua wamisheni kadhaa kwa homa, na baada ya muda mfupi Tozer aliamua kuhama. Tarehe 31 Agosti 1864 wakashuka Unguja.

Unguja ya siku zile ilikuwa soko kubwa la watumwa. Haikupita muda Sultani Majid akawapa wageni hao wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa darasa la kwanza. Tunawaomba walimu-wanafunzi walitazame vema darasa hilo. Watoto walikuwa wametoka bara, mbali na pwani, kila mmoja na lugha ya kwao. Kiswahili walikuwa wakijifunza njiani na bandarini. Walimu wao nao hawakukijua Kiswahili. Kitabu cha kusomea hakikuwapo, na wazazi wa kuwasaidia nyumbani hawakuwapo kwa kuwa nyumbani kwenyewe kulikuwa kumepotea. Mmoja wa wavulana wale watano, John Swedi, alikuja kuwekwa shemasi mwaka 1879. Basi mwalimu wa leo anayekata tamaa kwa sababu watoto wake huzungumza Kindamba, Kipogoro au Kimbunga nyumbani na afikirie kwanza hali ya vijana wale.

Isidhaniwe kwamba Steere alikuta nchi isiyo na maandishi. Waswahili wa pwani walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Mswada wa Utenzi wa Tambuka ni wa mwaka 1728, na vyuo vya Kurani vilikuwa vimejaa watoto. Aidha, Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amekwisha kuanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kuchapisha sarufi mwaka 1850. Steere alifuata njia hiyo ya Kilatini, na hapana budi tuseme wazi kwamba njia hiyo ilileta hasara pamoja na faida, maana wazee waliojua kuandika vizuri sana kwa Kiarabu walikuja baadaye kuhesabiwa kuwa hawakusoma. Alichokiongeza Steere ni urahisi. Konsonanti aliziandika karibu na desturi ya Kiingereza, na irabu kwa desturi ya Kiitalia, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Mtoto akiisha kuijua a, ataikuta ni ile ile katika kila neno mpaka mwisho wa maisha yake.

Hapo ndipo penye mtego. Mtoto wa Kiingereza hawezi kutamka neno kwa usahihi bila kulifahamu kidogo, kwa kuwa herufi zao humdanganya. Mtoto wetu aweza kuutamka ukurasa mzima asielewe hata neno moja, na mwalimu aliye nyuma ya darasa akatabasamu. Ule urahisi tuliorithi umetufanya wavivu. Ba be bi bo bu huimbwa wiki baada ya wiki kwa sababu huimbika, wala si kwa sababu humfikisha mtoto popote.

Steere mwenyewe hakuishia kwenye silabi. Alikuwa mtu wa masikio. Aliketi na watu wa Unguja, wenye elimu na wasio na elimu, wakamsimulia hadithi walizozoea kusimuliana usiku, naye akaziandika kama zilivyotamkwa. Mwaka 1870 hadithi hizo zilitoka London katika kitabu kikubwa, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka huo huo kilitoka pia kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili, ambacho kilitumika kwa miaka mingi. Baadhi ya wasimulizi aliwataja katika dibaji, lakini jalada lilibeba jina lake peke yake. Jambo hilo hatulisifu, na tutalirudia.

Vilevile alikuwa na mtambo wa kuchapa, na aliijua kazi hiyo kwa mikono yake. Huko Unguja aliwafundisha vijana kupanga herufi za risasi, moja baada ya nyingine, kupaka wino na kukaza karatasi. Mwaka 1867 mtambo ule ulitoa kitabu chembamba cha hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, kwa njia ya masimulizi ya Charles na Mary Lamb, zikiwa zimetiwa katika Kiswahili. Ulitoa pia mikusanyo midogo ya maneno ya lugha za bara, kama vile Kishambala. Hatudai kwamba Steere alikuwa na nadharia ya kufundisha kusoma. Tumeyasoma maisha yake wala hatukuiona. Lakini tazameni mpangilio wa kazi yenyewe: hadithi husikika, kisha huandikwa, kisha mkono wa kijana huipanga herufi kwa herufi, kisha hurudi kwa msomaji. Kijana aliyepanga neno panya kwa vipande vitano vya risasi hawezi kusahau kwamba neno lile lina vipande vitano, wala hawezi kusahau kwamba panya ni mnyama.

Katika kitabu cha mwaka 1870 imo hadithi moja ambayo kila mwalimu wa madarasa ya chini angepaswa kuijua, nayo ni ya Mwalimu Goso. Goso alikuwa akiwafundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. (Tunajua kwamba walimu-wanafunzi hucheka hapa, na watoto hucheka zaidi yao.) Wanafunzi walipokwisha kumzika waliazimia kumtafuta aliyemwua. Kwanza waliushika upepo wa kusi, kwa kuwa ndio uangushao matunda. Kusi ukajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza cha udongo. Wakaenda kwa kiambaza, kikawapeleka kwa panya akitoboaye. Panya akawapeleka kwa paka, paka kwa kamba imfungayo, kamba kwa kisu, kisu kwa moto, moto kwa maji, maji kwa ng'ombe ayanywaye, na hivyo hivyo mpaka wakafika kwa paa, ambaye hakuwa na neno la kujitetea.

Mwalimu mwenye jicho ataona mara moja utajiri uliomo. Kila hatua hurudia maneno ya hatua iliyotangulia na kuongeza neno moja tu. Mtoto hubashiri neno lijalo kabla ya kuliona, na kule kubashiri ndiko kusoma kunakoanza. Kisha tazameni maneno yenyewe: paka, panya na paa huanza kwa silabi moja; moto na maji huanza kwa herufi moja; kamba, kisu, kusi na kiambaza vivyo hivyo. Zaidi ya yote, kusi na kisu ni herufi zile zile nne, tofauti ni mahali pa irabu tu. Hakuna zoezi la silabi tulilopata kuliona katika kitabu chochote ambalo humwonyesha mtoto waziwazi kiasi hicho kwamba mpangilio wa herufi una maana. Akikosea, kisu chaanza kuvuma na upepo waanza kukata kamba, na darasa zima litamsahihisha kwa kicheko.

Tumeijaribu hadithi hii pamoja na walimu-wanafunzi wetu katika madarasa ya bondeni, yenye watoto wengi na vitabu vichache. Siku mbili za kwanza hakuna herufi hata moja inayoandikwa. Mwalimu husimulia, watoto huitikia, wengine huigiza: huyu ni moto, huyu ni maji. Siku ya tatu mwalimu huleta majina ya wahusika yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, ambazo hupatikana kila mahali panapojengwa na hazipasuki upesi. Kila mtoto mwigizaji huvaa neno lake kifuani. Mwalimu akisimulia tena, mwenye neno husimama. Baada ya hapo mwalimu huacha pengo kwa makusudi, watoto wakatafuta karatasi ya kulijaza. Ndipo maneno hukatwa kwa mkasi kuwa silabi, pa upande huu, nya upande ule, na silabi zikachanganywa na kuungwa upya. Kwa hiyo silabi haikufukuzwa darasani. Imekuja tu mahali pake, baada ya neno, na neno baada ya habari.

Kuhusu kuchapa, hatuna risasi, lakini udongo wa mfinyanzi tunao tele, na viazi vitamu pia. Watoto walipofinyanga herufi kwa udongo, zikakauka juani, zikapangwa juu ya mkeka, hata wale waliokuwa wakikimbia daftari walikaa kitako saa nzima. Mihuri ya viazi nayo huwavutia sana, lakini tunatoa tahadhari: herufi ya muhuri huchongwa kinyume, na mtoto ambaye bado huchanganya b na d atachanganyikiwa zaidi. Kazi hiyo na ingoje mpaka herufi ziwe zimetulia kichwani, na mwalimu ndiye ashike kisu.

Palikuwa na tatizo ambalo Steere hakukutana nalo. Upepo wa kusi ni wa pwani, na baadhi ya watoto wa Kilombero walituuliza ni mnyama gani. Mwalimu-mwanafunzi mmoja hakuhangaika kueleza. Aliwaacha watoto waibadilishe hadithi. Kusi ukaondoka, ukaja mto wa mafuriko, ambao huzuiwa na tuta la shamba la mpunga. Tuta hutobolewa na panya kama ilivyo desturi yake. Na mwishoni, mahali pa paa, akasimama sheshe, yule swala wa mbugani ambaye bonde letu ni mojawapo ya makao yake makuu duniani. Hadithi haikuharibika hata kidogo. Wala watoto hawakuambiwa kwamba sasa wanatunga insha, walidhani wanacheza.

Kuna sababu nyingine iliyotufanya tuipende njia hii. Msimu wa mpunga familia nyingi za bondeni huhamia mashambani, zikakaa katika madungu mpaka mavuno, na watoto hukosa shule kwa wiki nyingi, wakilinda ndege. Silabi zilizoimbwa darasani huachwa darasani. Lakini mtoto aliyeondoka na hadithi ya Goso kichwani, na maneno yake kumi na moja yakiwa yametungwa kwenye uzi, alikuwa na kitu cha kumsomea mdogo wake juu ya dungu. Si wote waliorudi na uzi wao. Wengine kamba zilifungia mizigo na karatasi zikawashia moto, na hatukupata jinsi ya kuwalaumu. Lakini waliorudi nao hawakuanza upya.

Tulisema tutarudi kwenye jalada. Walimu-wanafunzi wetu sasa hutumwa kwa wazee wa vijijini kuandika hadithi za mahali, na kila karatasi hubeba juu yake jina la msimulizi kabla ya jina la mwandishi. Mzee husomewa alichokisema, akasahihisha. Kusahihisha huko huchukua muda mrefu kuliko tulivyotazamia, hasa hadithi inapotolewa katika Kindamba na kutiwa katika Kiswahili, na mara nyingine mzee hukataa kabisa neno lililochaguliwa. Hayo nayo ni mafunzo ya lugha.

Turudi kwa Steere. Mwaka 1874 alifanywa askofu badala ya Tozer, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika. Tangu hapo kazi zilimwelemea. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umelifunga soko la watumwa, na jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale siku ya Noeli mwaka huo. Ujenzi aliusimamia yeye mwenyewe. Inasimuliwa kwamba baadhi ya nguzo zilisimamishwa kichwa chini wakati hayupo, na hazikugeuzwa. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu hadi nchi ya Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru hadi Masasi, wakaanzisha kijiji. Katikati ya safari hizo aliendelea kutafsiri Agano Jipya na kusahihisha kurasa za mtambo. Shule ya wavulana ya Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, ilizidi kukua, na ile ya wasichana huko Mbweni pia.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Kiswahili cha Unguja alichokishughulikia ndicho kilichochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930 juu ya msingi huo.

Mtambo wake haukunyamaza. Mwaka 1888, miaka sita baada ya kifo chake, huko Kiungani lilianza kutolewa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wavulana wa shule walipanga herufi zake, na habari zilikuja kwa barua kutoka vituo vya bara, Magila upande wa kaskazini na Masasi upande wa kusini, zikiwa zimeandikwa na walimu Waafrika waliopata kuketi katika madarasa yale yale, ambao sasa walikuwa na mambo yao wenyewe ya kuwaeleza wenzao.